Baridi Kwanza

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wapangaji wenzao kwa sababu ya mdomo wake. Akiamka anaongea. Akila anaongea. Akiogeshwa anaongea mpaka povu la sabuni linamwingia mdomoni, naye analitema na kuendelea pale pale alipoishia.

Mama yake alikuwa mshonaji. Wateja walizoea kumtania.

"Mama Chiriku, humu ndani una cherehani mbili. Moja ya miguu, moja ya mdomo."

"Ya mdomo ni nzuri zaidi," mama alijibu bila kuinua macho. "Haili uzi."

Waliishi watu wanne katika chumba kimoja. Nyumba ilikuwa ya vyumba vingi, na katikati palikuwa na ua wenye bomba moja la maji. Cherehani ilikaa karibu na mlango ili ipate mwanga. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia. Jiko lilikaa sakafuni, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka. Baba Chiriku alikuwa mwashi. Aliondoka mapema na mwiko wake ndani ya mfuko, akarudi jioni na saruji kwenye kope. Bibi, mama mzazi wa Baba Chiriku, aliishi nao. Magoti yalimsumbua, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kuchambua maharage na kusikiliza hadithi za mjukuu.

Siku ile palikuwa na baridi asubuhi. Mteja mmoja alikuwa anangoja sare za watoto wake, na Mama Chiriku alikuwa na haraka. Alichemsha maji ya kumwogesha mtoto. Maji yalipotokota, aliyamimina kwenye beseni. Kisha akachukua ndoo akaenda bombani kuchota maji ya baridi ya kuchanganyia.

Alifanya kama alivyofanya kila siku. Mama aliyemzaa yeye alifanya hivyo. Wanawake wote wa ua ule walifanya hivyo.

Bombani alimkuta muuza mkaa anajaza dumu lake. Wakasalimiana. Wakalalamikia baridi mpaka zamu ya ndoo yake ikafika. Nyuma yao, chumbani, Chiriku alikuwa ameshavua gauni, amebaki na fulana tu. Alikuwa anamsimulia bibi yake habari za paka aliyekula sabuni.

"Paka gani anakula sabuni?" bibi aliuliza.

"Wa kwetu!"

"Sisi hatuna paka."

"Amekufa! Kwa sabuni!"

Bibi alicheka, akainama kuokota maharage yaliyoanguka. Chiriku akarudi nyuma kinyumenyume ili akae ukingoni mwa beseni, kama alivyozoea. Akakosea. Akakaa ndani.

Mama Chiriku aliusikia ukelele ule akaiachia ndoo. Alijua kabla hajafika mlangoni.

Alimtoa mtoto kwenye beseni. Ngozi ya mapajani na nyuma ya goti la kulia ilikuwa imeiva. Ua mzima ulikuja mbio. Kila mtu alisema lake.

"Msimtie maji! Maji yanaleta malengelenge!"

"Leteni mayai!"

"Unga! Unga unakausha!"

Bibi alikuja na dawa ya meno. Alipaka yote, mpaka akaukamua mwisho wa ule mrija. Mama mmoja akapasua mayai juu yake. Muuza mkaa akanyunyiza unga. Mtoto alipiga kelele mpaka sauti ikakatika.

Watu wote wale walikuja na dawa. Hakuna aliyekuja na maji. Na bomba lilikuwa wazi, kama Mama Chiriku alivyoliacha. Maji yalikuwa yanamwagika bure mferejini.

*

Hospitalini nesi alifunua kitambaa, akavuta pumzi.

"Nani amempaka vitu hivi?"

"Sisi," Mama Chiriku alisema.

"Lazima nivitoe vyote, mama. Vikibaki, kidonda kitaoza. Mshike vizuri."

Akamshika. Dawa ya meno ilikuwa imeganda pamoja na yai na unga. Ilipotoka, ilitoka na ngozi. Chiriku alimwita mama yake. Akamwita baba. Akamwita bibi. Baadaye hakumwita mtu tena. Alitazama tu dari, kana kwamba aliyelala pale ni mtoto mwingine.

Walikaa hospitalini muda mrefu. Waliporudi nyumbani, mtoto alikuwa hai, na majirani walimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini goti la kulia lilikuwa limejikunja. Kovu lilikuwa linavuta ngozi. Daktari alieleza kwamba mguu ule unahitaji kunyooshwa kila siku kwa mazoezi, na huenda upasuaji ukahitajika.

"Utanyooka kabisa?" baba aliuliza.

"Tutajaribu," daktari alisema.

Baba Chiriku alikuwa mtu wa ujenzi. Alilijua jibu la namna hiyo. Ni jibu ambalo hata yeye huwapa watu wenye nyumba iliyopasuka msingi.

Jioni ile aliuliza swali moja tu.

"Ulikuwa wapi?"

"Bombani," mke wake alisema.

Hakuuliza tena. Tangu siku hiyo alikula kimya, akalala kimya, akaondoka kimya. Mama Chiriku alitamani amtukane. Tusi lingekuwa na mwisho.

Cherehani ilifunikwa shuka. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa bado havijakatwa. Majirani walimfariji. Wengine walisema ni bahati mbaya. Wengine walisema imeandikwa. Alipokwenda kuanika nguo, alisikia sauti zikishuka. Aliporudi ndani, alizisikia zikipanda.

Kibaya zaidi kilikuwa kimya cha mtoto. Chiriku hakuongea. Akitaka kitu alinyoosha kidole. Akiona beseni alijikojolea. Mama yake alimfuta kwa kitambaa chenye unyevu, kidogo kidogo, kama mtu anayefuta kioo kilichopasuka. Kila asubuhi alimnyoosha mguu kama nesi alivyomfundisha, na mtoto alilia bila sauti. Bibi alitoka nje wakati wa mazoezi. Hakuna aliyemlaumu mbele ya watu. Lakini aliacha kutumia dawa ya meno. Alipiga mswaki kwa chumvi.

*

Siku moja mchana mtu alibisha hodi. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa sare na buti nyeusi za zimamoto. Nyuma yake alisimama yule nesi wa hospitalini.

"Hodi, mama. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," bibi alijibu, akizitazama zile buti.

"Mama Chiriku," nesi alisema, "nilikuomba ruhusa tulipokuwa wodini. Nilikuambia kuna mtu wa zimamoto angependa kuja kukuona. Ndiye huyu afande."

Mama Chiriku alikumbuka kwamba aliitikia. Siku zile aliitikia kila kitu.

"Zimamoto," alisema polepole. "Mmekuja kuzima nini? Mtoto wangu hakuungua kwa moto. Aliungua kwa maji. Na maji ndiyo mnayobeba nyinyi."

Afande hakukasirika.

"Ni kweli. Lakini watoto wadogo wengi wanaoungua, wanaungua hivyo hivyo. Maji ya kuoga. Chai. Uji. Nesi anawaona wodini, mmoja baada ya mwingine. Sisi tulikuwa hatuwaoni, kwa sababu hakuna mtu anayepiga simu zimamoto kwa sababu ya beseni. Sasa tumekubaliana na hospitali. Wao wanatuambia watoto wanatoka mitaa gani. Sisi tunakwenda kwenye mitaa hiyo kabla mwingine hajaungua."

"Kabla," Mama Chiriku alirudia.

"Ndiyo."

"Kwangu mmekuja baada."

Nesi aliinamisha kichwa. Afande aliomba kuonyeshwa jinsi ilivyotokea. Mama Chiriku hakutaka, lakini mikono yake ilikuwa imechoka kukaa bure. Alitoa beseni chini ya kitanda. Chiriku alikuwa kwa muuza mkaa, kwa hiyo hakuliona.

"Nilimimina ya moto hapa. Nikaenda kuchota ya baridi."

"Nisaidie ndoo," afande alisema.

Akachota maji ya baridi bombani, akayamimina kwenye beseni.

"Baridi kwanza. Kisha ndiyo unaongeza ya moto, kidogo kidogo. Unachanganya. Unapima kwa kiwiko, maana kiganja cha mshonaji kimezoea pasi, kinaweza kukudanganya. Mtoto akitumbukia kabla hujamaliza, atalowa tu. Na maji yanayochemka yasikae chini hata kidogo, na mtoto asibaki nayo."

Mama Chiriku alilitazama beseni.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo."

"Baridi kwanza. Maneno mawili." Sauti yake ilianza kupanda. "Mguu wa mwanangu ni maneno mawili? Mlikuwa wapi na maneno yenu? Mimi nimekaa mtaa huu miaka yote. Nimewaona mkipita na king'ora. Mbona hamkusimama mkaniambia maneno mawili?"

Bibi alitaka kumnyamazisha. Afande alimzuia kwa mkono.

"Tulikuwa kituoni," alisema. "Tumekaa tunangoja simu ilie. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya kazi. Sina jibu jingine, mama."

Ndipo Mama Chiriku alipolia. Alikuwa hajalia tangu hospitalini. Alikaa sakafuni karibu na beseni akalia kwa sauti mbaya, ya mtu asiyejali nani anamsikia. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Nesi alikaa chini pamoja naye. Afande alisimama mlangoni na ndoo tupu mkononi, akiwa hajui aiweke wapi.

*

Jumapili afande na nesi walirudi. Walikuwa wameomba kuongea na ua mzima. Watu walitoka kwa shingo upande. Mtaa ule ulikuwa na kinyongo na zimamoto. Ghala la magodoro liliwahi kuungua mwisho wa barabara, gari likafika paa limeshaanguka, na watu wakalirushia mawe.

"Nyinyi mnakuja kupoza majivu!" kijana mmoja alisema.

"Siku ile nilikuwa ndani ya lile gari," afande alijibu. "Alama ya jiwe ninayo begani. Sikuja kuidai. Lakini nani alitupigia simu?"

Watu walitazamana, afande akajijibu mwenyewe.

"Hakuna. Sisi tuliona moshi kutoka kituoni. Na tulipofika, njia ilikuwa imezibwa na meza za biashara. Kwa hiyo sisi tulichelewa, na nyinyi mlituziba. Tusameheane, halafu tusikie ya watoto."

Nesi akachukua nafasi. Alieleza kwa maneno mepesi. Mtu akiungua, mtoe kwenye kilichomuunguza. Mvue nguo na bangili zilizo karibu na jeraha, isipokuwa kitu kilichoganda kwenye ngozi. Weka jeraha chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini kamili. Bomba lisipokuwepo, mmiminie kwa kopo. Usitumie barafu. Mwili uliobaki ufunike, asije akapatwa na baridi. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali. Malengelenge yasipasuliwe.

"Na dawa ya meno?" mtu aliuliza nyuma.

Kila mtu alijua swali lile linakwenda kwa nani.

"Dawa ya meno hapana," nesi alisema. "Mayai hapana. Unga, mafuta, udongo, hapana. Vinazuia joto kutoka, na vinaleta uchafu kwenye kidonda."

Bibi alisimama kwa shida, ameshika ukuta.

"Mimi niliungua nikiwa msichana. Nilipakwa mayai. Na nimepona. Unataka kusema mama yangu alikuwa mjinga?"

"Hapana, Bibi. Alikupenda akakupa alichokijua. Ulipona kwa sababu jeraha lilikuwa dogo."

"Na la mjukuu wangu?"

Bibi alimtazama nesi mpaka akajibu.

"La mjukuu wako lilikuwa kubwa. Maji ya dakika zile za kwanza yangelipunguza. Sijui kwa kiasi gani. Siwezi kukudanganya."

Bibi aliingia ndani akafunga mlango.

Mume wa Mama Chiriku alikuwa amesimama mbali wakati wote, mikono mfukoni. Afande alipowaonyesha kwamba majiko ya sakafuni yanawavuta watoto, yeye alikuwa anapima kitu kwa macho. Kesho yake alirudi kutoka kazini na matofali yaliyovunjika ambayo tajiri wake alikuwa anayatupa. Akajenga jukwaa la kupikia mlangoni kwao, kimo cha kiuno cha mke wake. Alimwita aje asimame ili apime.

"Hapa?"

"Juu kidogo."

"Hapa?"

"Hapo."

Yalikuwa mazungumzo yao marefu zaidi tangu siku ile. Alipomaliza kwao, alijenga kwa muuza mkaa, kisha kwa mwingine, kisha kwa mwingine. Wafanyabiashara walirudisha nyuma meza zao. Namba ya simu ya zimamoto iliandikwa kwa rangi ukutani karibu na bomba, kubwa, ili hata anayejifunza kusoma aione.

Mama Chiriku aliona yote hayo, na hakusikia raha. Kila jukwaa lililojengwa lilimwambia kitu kile kile. Liliwezekana. Lilikuwa linawezekana siku zote.

*

Mjukuu wa muuza mkaa alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Asubuhi moja alishika kikombe cha chai kilichowekwa kwenye stuli, kikamwagikia mkononi. Akalia, na watu wakatoka kama walivyotoka siku ile.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa bibi. Hakuna aliyejua magoti yale yalipata wapi mbio. Alimnyakua mtoto, akamvua kishati, akafungua bomba, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa na kuushika ule mkono mdogo chini ya maji.

Mpangaji mgeni alikuja mbio na mrija wa dawa ya meno.

"Bibi, mpake hii! Haraka!"

"Ondoa takataka hiyo hapa! Kapige nayo mswaki!"

"Lakini mtoto analia—"

"Alie! Nani ana saa? Nitajieni dakika!"

Muuza mkaa mwenyewe alimfunika mtoto kwa shuka mwilini. Mwingine alikwenda kutafuta usafiri. Mtoto alilia, akachoka, akaanza kucheza na maji kwa mkono usioungua. Bibi alikuwa amelowa mpaka kiunoni, na meno yalimgongana kwa baridi.

"Dakika zimefika?"

"Bado, Bibi."

"Zimefika?"

"Bado kidogo."

Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuuachia mkono. Mama Chiriku alikuja akasimama nyuma yake. Akavua sweta lake, akamwekea mama mkwe mabegani, akabaki amemshika hapo mpaka mtu aliyekuwa na saa aliposema basi.

Mkono ule ulipona. Baada ya muda ilibaki alama nyepesi, kama ya maziwa yaliyokauka. Nesi aliushika akautazama huku na huku, akasema, "Nani alifanya kazi hii nzuri?" Muuza mkaa alimwonyesha bibi, na bibi akageuza uso.

Siku hiyo Mama Chiriku aliingia chumbani, akafunua cherehani, akaegemeza paji la uso kwenye chuma chake baridi. Alifurahi kwa ajili ya mtoto wa watu. Alifurahi kweli. Na ile furaha ilimuuma kuliko kitu chochote.

Afande alimwomba awe anafuatana nao kwenye nyua nyingine. Alikataa. Akaombwa tena, akakataa tena. Mara ya tatu hakuombwa. Alibeba beseni lake mwenyewe akawafuata.

Ua waliokwenda ulikuwa kama wao. Bomba moja, milango mingi, majiko chini. Wanawake walisimama na watoto migongoni, nyuso zao zikisema wana kazi nyingi. Afande alianza kueleza, wakawa wanamsikiliza nusu nusu. Ndipo Mama Chiriku alipoweka beseni chini akaanza kueleza yeye. Alieleza alimimina nini kwanza. Alieleza alikwenda wapi. Alieleza walipaka nini. Hakutia chumvi. Hakulia.

Alipomaliza, mama mmoja kijana aliuliza kwa sauti ndogo.

"Na mtoto? Alipona?"

Mama Chiriku alifikiria. Asubuhi ile alikuwa amenyoosha mguu wa binti yake, na ulifika pale pale ulipofikia jana. Chiriku alikuwa ameanza kuongea, maneno machache, hasa na bibi yake. Kukimbia bado. Kuoga bado. Daktari bado alikuwa anasema tutajaribu.

"Hapana," alisema. "Hajapona. Na sijui kama atapona."

Hakuna aliyesema pole. Yule mama kijana alitoka kwenye kundi, akavuka ua mpaka mlangoni kwake. Sufuria ya maji ilikuwa inachemka sakafuni, na mtoto wake alikuwa amechuchumaa karibu nayo, anaangalia mvuke. Akamwinua mtoto kwanza. Kisha akaishika sufuria kwa ncha za kitenge, akaipandisha juu ya meza, akaisukuma mpaka ukutani.